Kutembea Njia ya Mtakatifu Yakobo Uswisi: Rapperswil hadi Spiez kwa siku 8

Njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo inayokatisha Uswisi, ijulikanayo kama Via Jacobi, huanzia Ziwa Konstanz na kuishia Geneva, ambako mahujaji wa zamani waliingia Ufaransa wakielekea Santiago de Compostela, Hispania. Yote ni zaidi ya kilomita 400. Mwongozo huu unahusu kipande cha katikati tu, takriban kilomita 150 kutoka Rapperswil hadi Spiez. Hapo ndipo maziwa na milima hufuatana bila kupumzika: Ziwa Zürich, Sihlsee, Ziwa Luzern, Sarnersee, Lungerersee, Brienzersee na Thunersee. Humo pia mna Einsiedeln na Flüeli-Ranft, mahali pawili pa hija ambapo Waswisi wenyewe huenda hadi leo.

Wageni wengi huogopa kupanda. Kinachowakatiza safari ni kushuka, pamoja na bei, na duka kufungwa siku ya Jumapili. Mpango mzima hapa chini umejengwa juu ya mambo hayo matatu.

Wakati wa kwenda

Nenda kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Oktoba. Kabla ya hapo, Haggenegg, kivuko cha mlima cha Siku ya 2 (mita 1,414), huweza kuwa na theluji upande wa kivuli, na boti za Brienzersee hazifanyi kazi majira ya baridi. Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Julai na Agosti huwa na radi za alasiri, kwa hiyo ukitembea wakati huo ondoka saa 1 asubuhi na uwe umeshuka mgongo wa mlima kabla ya saa 8 mchana.

Angalia kalenda ya Kanisa pia. Septemba 14 ni sikukuu kubwa Einsiedeln, na Septemba 25 ni ya Ndugu Klaus, mtakatifu wa Flüeli-Ranft, ambayo ni mapumziko ya kiserikali katika jimbo la Obwalden. Ukitaka kusali pamoja na umati, hizo ndizo tarehe. Ukitaka kitanda, zikwepe au weka nafasi miezi kadhaa mapema.

Viza, bima na pesa

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza au Oman. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haihitaji. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usisubiri siku hizo za mwisho, kwa maana nafasi za miadi hujaa wakati wa kiangazi cha Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000, na hapa hakikisha imeandikwa wazi kwamba inagharamia uokoaji wa mlimani kwa helikopta. Bima nyingi za bei nafuu huuruka mstari huo.

Kuna mtego mmoja. Hujaji wa kawaida hupanga malazi siku mbili tatu mbele, lakini ofisi ya viza hutaka uthibitisho wa mahali pa kulala kila usiku. Weka nafasi zinazoweza kufutwa bila malipo, ambatanisha orodha ya vituo kwa tarehe, na andika bayana kwamba unasafiri kwa miguu. Orodha ya miji minane tofauti bila maelezo humtia shaka anayeisoma.

Pesa ni faranga za Uswisi. Kitanda katika chumba cha pamoja ni kama faranga 40 hadi 60, na sahani ya chakula mgahawani hufika 25 hadi 30 kwa urahisi. Ukinunua mkate, jibini na matunda dukani mchana, na kupika pale penye jiko, faranga 100 hadi 120 kwa siku zinatosha. Ukila mgahawani mara mbili kwa siku, hazitoshi. Wenyeji hawaoni aibu kula mkate kwenye benchi mbele ya kanisa, nawe usione.

Maduka makubwa ya Migros na Coop hufungwa Jumapili na sikukuu, na katika vijiji duka hufungwa mapema jioni. Maduka yaliyo ndani ya stesheni kubwa hubaki wazi. Nunua chakula cha Jumapili siku ya Jumamosi kabla ya saa 10 jioni.

Maandalizi ya mwili

Aliyewahi kutembea kwenda Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi ya Juni 3 tayari anajua kazi ya kutembea siku baada ya siku. Namugongo haikufundishi mteremko wa mita 900 kwa asubuhi moja. Anza mazoezi wiki 8 kabla. Wa Nairobi anayo Ngong na Longonot, wa Morogoro anayo Uluguru. Wa Mombasa au Dar es Salaam atumie ngazi za jengo refu: apande kwa lifti na ashuke kwa miguu, akiwa na mzigo wa kilo 6, mara tatu kwa wiki. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki ya kushukia, na haijengeki kwa kutembea tambarare.

Mzigo

Kilo 7 hadi 8 bila maji. Zaidi ya hapo utalipa kwa magoti.

Viatu viwe na soli yenye meno, na viwe vikubwa kwa nusu saizi. Mguu huvimba baada ya saa kadhaa, na wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele. Kiatu kinachobana huua kucha za vidole gumba siku ya pili. Vaa viatu hivyo angalau kilomita 80 kabla ya safari. Chukua jozi tatu za soksi za sufu (za pamba hubaki na unyevu na kuleta malengelenge), fimbo mbili za kutembelea zinazokunjwa, koti la mvua, sweta moja nzito, kofia, shuka la kushonwa kama mfuko kwa ajili ya hosteli, na chupa za lita 1.5 kwa jumla. Huhitaji maji mengi zaidi ya hayo, kwani karibu kila kijiji kina bomba linalotiririka muda wote. Maji hayo hunywewa isipokuwa pameandikwa "Kein Trinkwasser" (si maji ya kunywa).

Plagi ya Uswisi ina pini tatu nyembamba. Plagi pana za Kenya, Tanzania na Uganda haziingii, ila ile nyembamba ya pini mbili ya Ulaya huingia.

Kitabu cha hujaji, kile cha kugongewa mihuri, kiagize mapema kwa chama cha mahujaji wa Yakobo au kinunue katika nyumba za mahujaji njiani. Mihuri hupatikana makanisani, mara nyingi kwenye kisanduku karibu na mlango. Fahamu kwamba kipande hiki peke yake hakikupi cheti cha Compostela. Hicho hutolewa Santiago kwa aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho.

Kusoma alama

Vibao vya njia za miguu ni vya njano. Via Jacobi ina kibandiko cha kijani chenye namba 4. Kwenye njia panda tafuta namba hiyo, usifuate kila kibao cha njano. Mistari nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani inayohitaji mguu thabiti. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wapanda milima wenye vifaa: ukiiona, umepotea, rudi.

Vibao huonyesha muda, si umbali. Muda huo umehesabiwa kwa mtu anayekwenda takriban kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, bila kupumzika hata dakika moja. Kibao kikisema saa 5, panga saa 7.

Pakua ramani za swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu mabondeni mtandao hukatika. Angalia pia tangazo la njia zilizofungwa kwenye tovuti ya SchweizMobil, mtandao wa njia za Uswisi zenye namba, kila jioni. Hilo si jambo la kupuuza: Agosti 2024 tope na mawe vilishuka kwenye kijito cha Milibach na kuharibu sehemu ya mji wa Brienz, uliomo ndani ya njia hii.

Ratiba za treni na boti hutumia saa 24 kwa hesabu ya Kizungu. Ukiona 16:30 ni saa 10:30 jioni. Anayezisoma akiwa amechoka hukosea, na boti ya mwisho haimsubiri.

Siku ya 1: Rapperswil hadi Einsiedeln, kama km 17

Rapperswil hufikiwa kwa treni kutoka Zürich kwa chini ya saa moja. Shuka ziwani upite daraja la mbao la mita 841, lililofunguliwa mwaka 2001 pale pale ambapo mahujaji walivukia karne zilizopita. Kikanisa kidogo cha mawe kilicho kando yake, Heilig Hüsli, ni cha 1551.

Kutoka Pfäffikon, kando ya ziwa, njia hupanda moja kwa moja hadi kikanisa cha Mtakatifu Meinrad kwenye Etzel, mita 950. Ni zaidi ya mita 500 za kupanda kwa mkupuo. Kosa la siku ya kwanza ni kwenda mbio hapa kwa kuwa mwili bado mpya. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Baada ya hapo utashuka hadi daraja la Teufelsbrücke juu ya mto Sihl, kisha malisho hadi Einsiedeln. Sihlsee unayoiona kushoto ni bwawa la umeme, lililojazwa maji mwaka 1937.

Fika abasia kabla ya saa 10:30 jioni. Siku za kawaida wamonaki Wabenedikto husali masifu ya jioni saa hiyo, kisha huandamana hadi kikanisa cha Bikira Maria kilichomo ndani ya kanisa kuu na kuimba Salve Regina. Meinrad, mkaapweke aliyeishi mahali hapa, aliuawa na majambazi mwaka 861. Abasia ilianzishwa mwaka 934. Sanamu ya Bikira Maria ilipata weusi wake kwa moshi wa mishumaa na taa. Wakati jeshi la Ufaransa lilipovamia mwaka 1798 ilifichwa, ikapelekwa Austria, na fundi akaisafisha. Ikabidi ipakwe rangi nyeusi, maana waumini hawakuizoea vinginevyo. Uwanjani kuna chemchemi ya Bikira Maria yenye mifereji 14, na desturi ya mahujaji ni kunywa katika kila mmoja.

Siku ya 2: Einsiedeln hadi Brunnen, kama km 24

Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote.

Hadi Alpthal njia hufuata bonde na ni laini. Kutoka Alpthal hupanda kwa ukali takriban mita 400 hadi Haggenegg, sehemu ya juu kabisa ya Via Jacobi yote, ukiwa na kilele cha Kleiner Mythen kando yako. Kimo chake ni mita 1,414, na 1414 ndiyo namba ya simu ya Rega, helikopta ya uokoaji, kwa hiyo huna kisingizio cha kuisahau. (Ambulensi ni 144, na 112 hufanya kazi kila mahali.)

Kutoka hapo hadi Schwyz unapoteza karibu mita 900. Fanya hivi:

1. Pumzika dakika 30 juu. Kula kitu chenye chumvi, badilisha soksi.
2. Funga upya kamba za viatu: legeza kidogo sehemu ya vidole, kaza sana penye kifundo, ili mguu usiteleze mbele.
3. Refusha fimbo kwa sentimita 5 hadi 10, uzitangulize mbele ya mguu kila hatua.
4. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Goti lililonyooka hupokea uzito wote kwenye mfupa.
5. Simama kila nusu saa hata kama hujachoka. Ukihisi joto sehemu moja ya ngozi, bandika plasta hapo hapo. Baada ya dakika kumi patakuwa na lengelenge.

Mvua ikinyesha, mizizi na mawe ya hapa huteleza vibaya. Kukiwa na radi, usipande kabisa: kaa Alpthal au urudi kwa basi linalopita hapo kwenda Einsiedeln, kisha zunguka kwa treni hadi Schwyz.

Magoti yakilalamika, lala Schwyz na usijilazimishe kufika Brunnen. Hapo kuna jumba la makumbusho lenye hati ya muungano ya Agosti 1291, ambayo Waswisi huihesabu kama cheti cha kuzaliwa kwa nchi yao.

Siku ya 3: boti, Seelisberg, Beckenried, Stans, kama km 23

Kutoka Brunnen unavuka Ziwa Luzern kwa boti hadi Treib, dakika chache tu. Wapo wanaodai kwamba boti inaharibu hija. Mahujaji wa zama za kati walipanda mashua pale pale. Maji yalikuwa barabara yao. Zingatia upepo wa Föhn unaoshuka kutoka kusini: ukivuma kwa nguvu, boti husimamishwa. Dalili yake ni hewa yenye joto lisilo la kawaida na milima kuonekana karibu sana.

Kutoka Treib panda hadi Seelisberg kwa miguu, au kwa treni ya kamba inayofanya kazi tangu 1916. Baada ya jana, hiyo treni ni matumizi mazuri ya faranga chache. Kisha njia hufuata ukingo wa juu hadi Emmetten na kushuka Beckenried. Umechoka? Lala Beckenried. Hali ya hewa ikiwa mbaya, kuna boti ya moja kwa moja Brunnen hadi Beckenried. Mwendo wa Buochs hadi Stans ni mashamba na nyumba, hauna la kueleza zaidi.

Ukipita malisho yenye ng'ombe na ndama, usikate katikati yao wala usimguse ndama. Ng'ombe mama hapa huachwa malishoni pamoja na ndama wao, na hushambulia. Zunguka kwa mbali, bila kukimbia, na funga kila geti ulilofungua.

Siku ya 4: Stans hadi Sachseln, kama km 18

Umbali mfupi, na ufanye uwe mrefu kwa makusudi. Hii ni nchi ya Niklaus von Flüe, ambaye Waswisi humwita Ndugu Klaus (1417–1487): mkulima, mwanajeshi, hakimu, baba wa watoto kumi. Mwaka 1467, kwa ridhaa ya mkewe Dorothea, aliacha nyumba na kuishi kama mkaapweke katika korongo la Ranft, dakika chache tu chini ya nyumba yake. Mapokeo yanasema aliishi huko karibu miaka 20 kwa Ekaristi pekee. Mwaka 1481 majimbo ya Waswisi yalipokaribia kupigana, ushauri wake uliopelekwa Stans uliwapatanisha. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1947.

Njia inapita kikanisa cha St. Niklausen kisha inashuka Ranft. Chumba chake kimeshikamana na kikanisa cha juu, na dari ni ya chini kiasi kwamba mtu mrefu huinama. Tenga saa mbili kwa ajili ya korongo peke yake. Makundi ya mabasi hufika kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, hivyo wanaolala Flüeli na kushuka alfajiri hupata ukimya ambao wengine huukosa. Kaburi lake liko katika kanisa la parokia ya Sachseln, kando ya Sarnersee.

Siku ya 5: Sachseln hadi Brünig, kama km 21

Tambarare ya ziwa hadi Giswil, kisha kupanda kwa ngazi mbili: Kaiserstuhl, Lungerersee yenye maji ya kijani, na hatimaye Brünig, mita 1,008. Ziwa hilo la Lungern lilipunguzwa maji mwaka 1836 kwa kuchimba handaki ili wanakijiji wapate ardhi ya kulima. Baadaye likainuliwa tena kwa ajili ya umeme.

Treni hupita karibu na njia siku nzima, ikisimama Giswil, Kaiserstuhl, Lungern na Brünig. Ndiyo maana siku hii inafaa kwa anayeuguza goti: tembea unapoweza, panda treni unaposhindwa. Malazi juu ya Brünig ni machache. Lungern ni salama zaidi.

Jioni jikague kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye nywele. Kupe wa nyasi ndefu na misitu ya hapa hueneza magonjwa mawili. Moja, la ubongo, lina chanjo, ambayo huhitaji miezi kadhaa kukamilika. Jingine, la Lyme, halina, lakini hutibika kwa antibiotiki likiwahiwa. Mng'oe kupe kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, bila mafuta wala moto. Ukiona wekundu unaopanuka kama duara katika wiki zinazofuata, hata ukiwa umesharudi nyumbani, mwambie daktari uliumwa na kupe Ulaya.

Siku ya 6 na 7: Brünig, Brienz, Interlaken, kama km 31

Ukivuka Brünig unaingia jimbo la Bern, lililoingia Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1528. Mabadiliko utayaona kwa macho: misalaba ya njiani hupungua na vikanisa hutoweka. Mihuri nayo huwa adimu, kwa hiyo gonga popote unapoiona.

Siku ya 6 ni fupi, kilomita 11 kupitia Brienzwiler hadi Brienz, mji wa wachongaji mbao. Itumie kufua nguo. Siku ya 7, kilomita 20, njia rasmi hufuata mteremko wa kaskazini mwa ziwa kupitia Oberried na Ringgenberg, ambako kanisa limejengwa ndani ya magofu ya ngome. Hupanda na kushuka bila kikomo msituni na huchosha kuliko ramani inavyoonyesha. Kwa maoni yetu ng'ambo ya kusini, kupitia maporomoko ya Giessbach na Iseltwald, ni nzuri zaidi, ingawa haina namba 4. Ukiichagua, vuka kwa boti kutoka Brienz hadi Giessbach.

Interlaken ni ghali na imejaa watalii. Mgeni anayelala hapo hupewa kadi ya mabasi ya bure ya eneo hilo. Idai mapokezi wasipokupa.

Siku ya 8: Interlaken hadi Merligen, kama km 13, na boti hadi Spiez

Njia hupita juu ya Thunersee hadi mapango ya Mtakatifu Beatus, ambaye hekaya husema alimfukuza joka aliyeishi humo. Yalikuwa mahali pakubwa pa hija hadi serikali ya Bern ilipopiga marufuku baada ya Matengenezo. Kiingilio hulipwa, na ndani ni baridi hata Agosti, kwa hiyo weka sweta karibu.

Teremka hadi Merligen na usubiri boti ya kwenda Spiez gatini. Angalia ratiba ukiwa bado mapangoni: kati ya boti moja na nyingine huweza kupita saa mbili, na mbadala wake ni basi kwenda Thun kisha treni. Spiez ina kanisa la kale karibu na ngome, na treni za kwenda Bern huchukua takriban nusu saa. Mwenye siku za ziada huendelea kupitia Amsoldingen na Rüeggisberg hadi Fribourg, siku tatu hadi nne za vilima vya wastani, ambako Kifaransa huanza kusikika.